Akiba Haiozi, Lakini Noti Huisha Muda



Wahenga walisema ya kwamba akiba haiozi. Neno hili ni jema, nasi tumelelewa nalo. Hata hivyo yafaa tulipime katika jambo moja, nalo ni fedha ya karatasi. Mtama wa ghalani huweza kuliwa na fukusi, na mbuzi wa zizini huweza kufa kwa ndwele. Lakini hapana mtama wala mbuzi aliyepata kuacha kuwa mali kwa sababu ya tangazo. Noti peke yake ndiyo iwezayo kulala usiku ikiwa fedha na kuamka asubuhi ikiwa karatasi tupu.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Serikali ya Kiingereza ilipoingia Embu mwaka wa 1906, na Meru mwaka wa 1908, ilidai kodi ya nyumba, na kodi hiyo ilihesabiwa kwa rupia. Watu waliokuwa wakihesabu utajiri wao kwa mbuzi, ng'ombe na asali walilazimika kuitafuta sarafu ya Bara Hindi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza rupia 15 zilitosha kununua pauni moja ya Kiingereza. Baada ya vita thamani ya rupia ilipanda sana, na walowezi waliokuwa na madeni ya rupia wakalalamika. Basi mwaka wa 1920 ikaletwa florini mahali pa rupia, na haikukaa: mwaka wa 1921 ikaja shilingi ya Afrika ya Mashariki, shilingi mbili kwa florini moja. Hivyo katika muda mfupi mtu yule yule, aliyekwisha zoea rupia kwa taabu, alitakiwa kujifunza fedha mbili nyingine.

Shilingi hiyo ilidumu muda mrefu. Ndiyo iliyolipia kahawa ya wazee wetu tangu miaka ya 1930, Embu na Meru zilipokuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kuipanda. Baada ya Uhuru, Benki Kuu ya Kenya iliundwa, na tarehe 14 Septemba 1966 ikatoa noti zake za kwanza, shilingi kwa shilingi, bila hasara kwa mwenye fedha. Fedha ya zamani haikufutwa kabisa mpaka mwaka wa 1969. Aliyekuwa na akiba yake ndani ya mtungi alikuwa na nafasi ya kusikia habari, kuuliza na kwenda mjini.

Mwaka wa 2019 nafasi ilikuwa nyembamba zaidi. Tarehe 1 Juni, katika sherehe za Madaraka huko Narok, Gavana wa Benki Kuu, Dakta Patrick Njoroge, alitangaza noti mpya zisizo na sura ya mtu, kama Katiba ya mwaka wa 2010 inavyoagiza. Alitangaza pia kwamba noti za zamani za shilingi elfu moja zingekoma kuwa fedha halali ifikapo tarehe 1 Oktoba. Makusudi yalikuwa kuzuia fedha haramu na noti za bandia. Ilikuwa miezi minne tu. Benki Kuu za Tanzania na Uganda nazo zilisimamisha kubadilisha fedha ya Kenya, hata mfanyabiashara aliyevuka mpaka hakuwa na mlango wa nyuma.

Muda ulipokwisha hesabu ilitolewa. Noti zipatazo milioni 217 za elfu moja zilikuwa mikononi mwa watu. Zilizorudi ni zaidi ya milioni 209. Noti 7,386,000 hazikurudi, yaani shilingi bilioni 7.386 zikawa karatasi. Wengi husema ya kwamba hizo zilikuwa mali ya wezi walioogopa kuulizwa. Huenda nyingi zilikuwa hivyo. Lakini tusisahau ya kwamba tarehe ya mwisho haibagui kati ya mwizi na mjane. Katika Igembe na Tigania miraa huuzwa kwa fedha taslimu, na vivyo hivyo muguka katika Mbeere. Na wako wazee waliozoea kuficha ndani ya nyumba fedha ya mazishi yao, wasimwambie hata mtoto. Mwizi ana redio na wakili. Mzee asiyesoma, anayeishi mbali na barabara, hana ila jirani yake.

Hapa ndipo kazi ya chama kama chetu inapoonekana. Tanzania nayo, kwa kuondoa noti zake za zamani, ilitoa miezi mitatu tu, tangu tarehe 6 Januari mpaka tarehe 5 Aprili 2025. Kwa hiyo si vema kungoja.

Tangazo la namna hii likitoka, na lisomwe kwa Kimeru na Kiembu katika baraza, kanisani, msikitini na sokoni, pamoja na kutaja wazi ni noti ipi inayoondolewa. Maana mwaka wa 2019 ilikuwa ile ya elfu moja peke yake, na noti za zamani za 50, 100, 200 na 500 ziliachwa ziendelee. Mzee asiyeweza safari asindikizwe na watu wawili waaminifu mpaka benki, na hesabu iandikwe mbele yake kabla ya kutoka nyumbani na baada ya kurudi. Asiulizwe kwa nini alificha.

Na noti ambayo muda wake umepita? Asipewe mtu anayeahidi kuibadilisha kwa siri akilipwa kwanza, kwa maana huyo anataka kuiba mara ya pili. Ihifadhiwe moja katika sanduku la chama, pamoja na rupia na shilingi ya zamani ikiwa wazee wanazo, ili vijana waione na kuelezwa.

Akiba haiozi, ndugu zangu, ikiwa kuna jirani wa kuleta habari mapema.