Mandhari, Jicho na Mkono: Mchoro wa Monet na Mawe ya Tabaka

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamelizoea mno neno "mandhari" hata hawaulizi limetoka wapi. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi inahusu kutazama: mandhari ni kile kinachoonwa na mtu aliyesimama kando. Ni michoro michache iliyolitimiza wazo hilo kama ule wa Claude Monet wa mwaka 1872, Impression, soleil levant, unaoonyesha bandari ya Le Havre, Ufaransa, wakati wa mapambazuko. Kuna jua jekundu, ukungu, na mashua zisizokamilika umbo. Nchi kavu karibu haipo. Monet alichora jinsi jicho lilivyoipokea bandari kwa muda mfupi, wala si bandari yenyewe. Mchoro ulipoonyeshwa Paris mwaka 1874, Louis Leroy aliudhihaki katika gazeti la Le Charivari, na dhihaka hiyo ikawa jina la mkondo mzima, yaani Uimpreshonisti.

Vilima vya Kisii na Nyamira vingemfaa mchoraji wa namna hiyo: kuna ukingo wa Manga, mashamba ya majani chai, na mvua za alasiri zinazogeuza nuru ghafla. Lakini sanaa iliyolitangaza eneo hili ulimwenguni haikutokana na kutazama kwa mbali. Huko Tabaka, kusini mwa Kisii, ardhi haichorwi, huchimbwa. Jiwe laini la sabuni, jeupe, la waridi au la kijivu, huchongwa kwa panga, tindo na kisu, aghalabu na wanaume. Kisha wanawake hulisugua kwa msasa na maji mpaka rangi yake ijitokeze. Monet aliitoa rangi katika mrija. Tabaka imo ndani ya nchi yenyewe. Dhana ya mandhari, basi, haitoshi kuieleza sanaa hii, kwa kuwa mchongaji hakusimama kando.

Historia ya sanaa, hata hivyo, huuliza kwanza jina, tarehe na sahihi. Kazi nyingi za Tabaka huuzwa bila vyote vitatu, na "mawe ya Kisii" limebaki jina la bidhaa. Inaweza kudaiwa kwamba vifaru na sahani zinazorudiwa kwa mamia ni biashara tu. Hoja hiyo ina uzito, lakini si mwingi kama inavyodhaniwa: katika miaka ya 1890 na 1891 Monet naye alichora marundo ya nafaka katika michoro ipatayo 25, akaiuza, na hakuna aliyemshushia hadhi kwa hilo.

Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka aliyesomea Makerere, alivuka mpaka huo. Sanamu yake ya ndege wa amani ipo katika makao makuu ya UNESCO, Paris, mji uleule wa maonyesho ya 1874. Amevuka akiwa na jina lake. Wenziwe wengi wa machimboni wangali wanaandikwa katika orodha za bei.