Merikebu za Brava

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, skuna moja kongwe ilishika moto katika bandari ya Flushing, New York, ikazamishwa hapo hapo ili moto uzimike. Iliitwa Effie M. Morrissey. Ilikuwa imejengwa Essex, Massachusetts, mwaka 1894, kwa ajili ya kuvua chewa katika maji baridi ya Kanada. Baadaye, kwa miaka 20 hivi, ilikuwa mikononi mwa Bob Bartlett, yule nahodha aliyemfikisha Robert Peary kwenye barafu ya kaskazini mwaka 1909. Kila kiangazi Bartlett aliipeleka Aktiki na wanasayansi na wanafunzi, na mwaka 1940 ilivuka latitudo ya 80. Bartlett alifariki mwaka 1946. Wanunuzi waliofuata walitaka kuipeleka Pasifiki, lakini moto ukawawahi.

Aliyeiona ile merikebu iliyoungua kuwa bado ina kazi ni Henrique Mendes, nahodha wa Cabo Verde. Iliibuliwa, ikatengenezwa, na mwaka 1948 ikapewa jina la binti yake, Ernestina.

Waandishi wa Marekani wamejaza kurasa nyingi kuhusu Bartlett na barafu yake, na sina ugomvi nao. Ila kwa maoni yangu kazi ngumu zaidi ya chombo hiki ilianza alipokishika Mendes. Bartlett alikuwa na wafadhili. Mendes alitakiwa kuvuka Atlantiki kwa matanga, katika zama za ndege, na nauli na shehena zilipe gharama za safari. Tena hakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Alikuwa karibu wa mwisho katika kundi la manahodha waliofanya kazi hiyo kwa zaidi ya nusu karne, na vyombo vyao katika bandari ya New Bedford, Marekani, vilijulikana kama merikebu za Brava.

Brava hii si Barawa ya Benadir, Somalia, ingawa Wareno waliyaandika majina yote mawili sawasawa. Ni kisiwa kidogo kuliko vyote vinavyokaliwa katika funguvisiwa la Cabo Verde, lililo zaidi ya kilomita 500 magharibi ya Senegal. Visiwa viko kumi, tisa vina watu. Wareno walipovifikia katika karne ya 15 havikuwa na mtu. Wenyeji wa leo ni uzao wa Waafrika walioletwa utumwani na wa Wareno wenyewe. Upepo wa kaskazini-mashariki huvuma huko karibu mwaka mzima, na ndio uliovigawa visiwa mafungu mawili: vya joshini upande wa kaskazini, ambavyo ni pamoja na São Vicente na Sal, na vya demanini upande wa kusini, ambavyo ni Maio, Santiago, Fogo na Brava. Mvua ni ya kubahatisha. Zamani ilipokosa miaka miwili mfululizo, njaa iliua.

Walioifungua njia ya Marekani ni wawinda nyangumi. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 meli za Nantucket na New Bedford zilikuwa zikitia nanga Brava kuchukua maji, matunda na vijana. Kijana wa Brava alikubali ujira ambao Mmarekani angeukataa, na yeye akapata njia ya kuukimbia ukame pamoja na jeshi la Mreno. Mafuta ya taa yalipoiua biashara ya nyangumi, New Bedford ilibaki na vitu viwili: Wacaboverde waliokwisha kuweka makazi pale, na merikebu nyingi za mbao zisizo na kazi, za bei poa.

Vitu hivyo viwili vikakutana. Mwaka 1892 Antonio Coelho alinunua skuna ya uvuvi ya tani 64, Nellie May, akaiingiza katika safari za kwenda na kurudi visiwani, na yeye huhesabiwa kuwa Mcaboverde wa kwanza kumiliki merikebu ya aina hiyo. Baada yake walikuja wengi. Kwa kawaida chombo kiliondoka visiwani majira ya kuchipua na abiria wa kwenda kufanya kazi viwandani, bandarini, na hasa katika mashamba ya kranberi, lile tunda dogo jekundu, chachu, linalolimwa kwenye mabonde ya majimaji kusini-mashariki mwa Massachusetts. Mavuno yalikwisha vuli. Ndipo merikebu ilipogeuza omo kurudi na waliochoka, waliopata, waliokwenda kuoa, na mapipa ya nguo, viatu, unga, sukari na mbao kwa ajili ya jamaa.

Msomaji atauliza: meli za moshi zilikuwa wapi? Zilikuwepo, tena nyingi. Mindelo, katika kisiwa cha São Vicente, ina bandari bora ya asili kuliko zote za funguvisiwa, na katika karne ya 19 Waingereza waliifanya kituo kikubwa cha makaa ya mawe. Lakini meli iliyoingia Mindelo kujaza makaa ikielekea Brazili haikuwa na sababu ya kupinda hadi Brava kumchukua mjane na mbuzi wake. Wenye mitaji hawakuona faida katika bandari zile ndogo, na waliobaki kuzihudumia ni watu waliokuwa na mama huko. Hali hii si ngeni kwetu. Mwanahistoria Erik Gilbert ameonyesha jinsi utawala wa kikoloni Zanzibar ulivyoyabana majahazi huku uchumi wake ukiendelea kuyategemea.

Kwa hiyo vyombo vilikuwa mitumba, karibu vyote, na baadhi yake vilikuwa na nasaba ya kushangaza. Coriolanus ilikuwa meli ya chuma iliyojengwa Scotland mwaka 1876 kwa ajili ya kubeba juti ya Calcutta. Miaka ya 1920 ilikuwa ikishusha Wacaboverde New England. Madalan ilikuwa boti ya anasa iliyojengwa Italia mwaka 1928 kwa tajiri wa Kimarekani, Cornelius Crane, aliyezunguka nayo Pasifiki kukusanya vielelezo vya jumba la makumbusho la Chicago. Capitana ndiyo iliyombeba mwanahistoria Samuel Eliot Morison mwaka 1939 alipofuatisha njia za Columbus. Baada ya vita, Madalan na Capitana zilikuwa zinabeba mapipa na abiria wa Cabo Verde. Napenda kumfikiria bibi wa Fogo akikaa juu ya furushi lake ndani ya boti iliyochongwa kwa ajili ya milionea.

Uendeshaji wa vyombo hivi ulikuwa wa hesabu kali. Visiwa vilikuwa na kidogo cha kuuza nje: chumvi ya Sal na Maio, ngozi, kahawa ya Fogo. Shehena ya kwenda Marekani haikujaza ngama, hivyo pato la njia hiyo lilitoka kwa abiria. Shehena nono ilikuwa ya kurudi, na mara nyingi aliyelipia alikuwa mtu wa New Bedford au Providence, kwa niaba ya aliyeko kisiwani. Nahodha ndiye aliyekuwa posta na benki. Alikabidhiwa barua, fedha taslimu na ujumbe wa mdomo, naye hakuweza kudhulumu hata senti moja bila habari kufika kijijini kwake kabla yake.

Ndipo sheria ilipoingia. Mwaka 1917 Marekani iliwataka wahamiaji wajue kusoma. Mwaka 1924 ikaweka mgawo mkali kwa kila nchi, na Wacaboverde wakahesabiwa ndani ya fungu dogo la Ureno. Abiria wa njia ya kwenda wakapungua ghafla. Mimi huona kwamba sheria hii iliziumiza merikebu za Brava kuliko injini zote za mvuke. Waliobaki kusafiri walikuwa wenye uraia, waliozaliwa Marekani, na wazee waliorudi kufia nyumbani. Kisha njaa ya 1941 hadi 1943, na nyingine ya 1947 hadi 1948, zikaua watu kwa maelfu mengi, na jamaa walioko ng'ambo hawakuwa na njia ya karibu zaidi ya kupeleka chakula kuliko vyombo vyao wenyewe. Ernestina ilianza kazi katikati ya njaa hiyo ya pili.

Kuvuka Atlantiki, ajabu, hakukuwa ndiko kugumu zaidi. Kwenda Marekani upepo ulikuwa rafiki sehemu kubwa ya njia. Nahodha alijiachia magharibi, kisha akapanda kaskazini, akijitahidi kuwa amefika kabla ya vimbunga vya Agosti na Septemba, ambavyo vingi huzaliwa karibu na visiwa hivyo hivyo. Kurudi, alishika pepo za magharibi hadi mbali mashariki, ndipo akateremka. Mwezi mmoja baharini, wakati mwingine zaidi, na pampu ikifanya kazi mchana na usiku kama mbao zimechoka.

Kugumu kulikuwa baina ya visiwa vyenyewe. Jahazi letu lilikuwa na subira ya msimu: kaskazi lilileta, kusi likarudisha. Cabo Verde upepo haugeuki. Kutoka Sal kuja Fogo ni kuteremka kwa raha, matanga yamejaa, abiria wanaimba. Kutoka Fogo kwenda Sal ni kupiga bisho moja kwa moja kwenye meno ya upepo, mkondo nao unasukuma nyuma, na kinachoonekana asubuhi ni mlima ule ule ulioonekana jana jioni. Kutoka Brava kwenda Mindelo ni zaidi ya kilomita 200 karibu kaskazini kamili, upepo ukiingia kwa pembe ya omo upande wa kulia, mawimbi yakiruka juu ya sitaha walikolala watu, kuku na magunia ya mahindi. Safari hiyo haikuwa ya hiari kwa kila mtu. Kuanzia mwaka 1917, kwa miongo kadhaa, shule ya sekondari ya serikali ilikuwa Mindelo. Mtoto wa kisiwa kingine aliyetaka kusoma alipaswa kuvuka bahari. Amílcar Cabral, ambaye baadaye aliongoza vita vya ukombozi wa Guinea-Bissau na Cabo Verde, alilelewa Santiago na kumalizia masomo yake Mindelo.

Baada ya bisho ilibaki kushuka. Mji wa São Filipe, Fogo, umekaa juu ya genge, na chini yake kuna ufuko wa mchanga mweusi wa volkano unaopigwa na bahari ya wazi. Merikebu ilitia nanga nje, mashua za makasia zikaenda na kurudi. Msimamizi wa mashua alikaa nyuma ya mkunjo wa mawimbi akiyahesabu, akangoja kubwa lipite, kisha wapiga makasia wakavuta kwa pumzi moja. Waliokuwa ufukoni waliingia maji ya kifuani kuishika kabla wimbi la pili halijaigeuza ubavu. Pipa lililoanguka hapo lilikuwa nguo za mwaka mzima za ukoo. Brava ilikuwa na nafuu: ghuba ya Furna, ndogo, imezungukwa na majabali. Pale ndipo watu walipokusanyika kuagana na wasafiri kwa nyimbo ziitwazo morna, na ile iitwayo Hora di Bai, ya Eugénio Tavares, ilikuwa wimbo wa gati kabla haijawa wimbo wa jukwaa. Tavares alizaliwa Brava mwaka 1867, na mwenyewe alikimbilia New Bedford utawala wa Mreno ulipomtafuta.

Ernestina ilifanya kazi zote mbili, ya Atlantiki na ya baina ya visiwa, kwa takriban miaka ishirini. Mwaka 1965 ilifika Providence na abiria kwa mara ya mwisho, na mara nyingi hutajwa kuwa merikebu ya mwisho ya matanga kuleta wahamiaji Marekani katika safari za kawaida. Baada ya hapo ilibaki visiwani na chumvi na mahindi, hadi injini na meli ndogo za chuma zilipoisukuma pembeni.

Uhuru ulipatikana tarehe 5 Julai 1975. Mwaka uliofuata serikali changa iliituma Ernestina ishiriki gwaride la merikebu New York, katika sherehe za miaka 200 ya Marekani. Milingoti ikavunjika njiani, merikebu ikarudi. Nchi maskini kabisa ikaamua kuijenga upya na kuitoa zawadi kwa Marekani, na mwaka 1982 ilivuka ikiwa na mabaharia wa nchi zote mbili, ikapokewa na umati wa Wacaboverde. Miaka kumi baadaye Benki ya Cabo Verde iliichapa kwenye noti ya escudo 200.

Wamarekani wameipa sasa jina la Ernestina-Morrissey, kuwaridhisha wa Mendes na wa Bartlett kwa pamoja, na baada ya matengenezo ya miaka kadhaa huko Maine ilikabidhiwa chuo cha ubaharia cha Massachusetts kufundishia vijana. Brava yenyewe ilijengewa uwanja wa ndege, lakini ukafungwa kwa sababu ya upepo. Mwaka 2011 vilianza vivuko vya kasi vya kuunganisha Santiago, Fogo na Brava. Januari 2015 kivuko kingine, Vicente, kilizama karibu na Fogo na kuua watu zaidi ya kumi. Anayetaka kufika Furna leo bado hupanda chombo, na bahari ikichafuka husubiri.