Bruda Aliyebaki Iten

Sisi wa Mpui tunajua maana ya kuishi ukingoni. Uwanda wetu wa Ufipa ni nchi ya mahindi, ulezi na maharage, lakini ukielekea upande wa Ziwa Rukwa nchi inakatika ghafla kwenye Lyamba lya Mfipa, na ziwa linaonekana chini kabisa, ndani ya Bonde la Ufa. Huko Kenya, kwenye tawi jingine la bonde hilo, uko mji mdogo uliokaa ukingoni vivyo hivyo, takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ukitazama Bonde la Kerio. Mji huo unaitwa Iten. Nao ni wakulima na wafugaji, na asubuhi kwao ni baridi kama kwetu.

Tumechagua kueleza habari za mtu mmoja wa Iten kwa sababu maisha yake yanagusa swali tunaloulizana mara nyingi hapa kwetu: je, mtu anayebaki mahali padogo, akifanya kazi ile ile mwaka baada ya mwaka, anamtumikia Mungu au anapoteza wakati wake?

Mtu huyo ni Bruda Colm O'Connell. Alizaliwa nchini Ireland mwaka 1948, akajiunga na Shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrick, lililoanzishwa na Askofu Daniel Delany mjini Tullow, Ireland, mwaka 1808. Bruda si padre. Haadhimishi Misa wala haungamishi watu. Anaweka nadhiri za ufukara, useja na utii, kisha anafanya kazi aliyopewa. Kazi aliyopewa Colm mwaka 1976 ilikuwa kufundisha jiografia katika Shule ya Sekondari ya St. Patrick's, Iten. Alitarajia kukaa muda mfupi tu.

Hakuwa mwanariadha, wala hakuwa amesomea ukocha. Pale shuleni alimkuta mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyepata medali ya shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Montreal mwaka huo huo. Peter ndiye aliyefundisha riadha, na Bruda akawa msaidizi wake. Baada ya muda si mrefu Peter alirudi kwao, na kazi ikabaki mikononi mwa msaidizi. Tunaomba msomaji alipime jambo hili. Kazi haikumfikia kwa sababu ya ujuzi. Ilimfikia kwa sababu yeye ndiye aliyekuwapo.

Asiyejua alianza kwa kutazama. Aliwaangalia vijana wanavyokimbia, wanavyoshika mikono na mabega, wanavyotua mguu chini. Alikubali kufundishwa na wale aliotumwa kuwafundisha. Mpaka leo anajulikana kwa mazoezi ya polepole ya kurekebisha mwendo, yaani kujifunza kukimbia vizuri kabla ya kukimbia kwa kasi.

Miaka yenyewe haikuwa rahisi. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imecheza raga na Afrika Kusini ya ubaguzi. Filbert Bayi wetu, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500, hakukimbia. Mwaka 1980 Kenya ilisusia tena, safari hii Moscow. Tanzania ilikwenda, na Bayi na Suleiman Nyambui wakaleta medali za fedha, za kwanza za Olimpiki kwa nchi yetu. Mtu aliyetazama mwaka ule angeweza kudhani kwamba zamu ya mbio imehamia Tanzania. Haikuwa hivyo. Hatusemi kwamba sababu ni moja, maana Kenya ilikuwa na mabingwa kama Kipchoge Keino kabla Bruda hajafika. Tunasema tu kwamba Iten kulikuwa na mwalimu ambaye kila mwaka wanafunzi wapya walimkuta uwanjani, ilhali Olimpiki yao ilikuwa imesusiwa mara mbili.

Mwaka 1988, miaka 12 baada ya Bruda kufika, Peter Rono aliyesoma St. Patrick's alishinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka 1992 huko Barcelona, Matthew Birir wa shule hiyo hiyo alishinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Wilson Kipketer, naye wa St. Patrick's, alihamia Denmark na mwaka 1997 akaweka rekodi ya dunia ya mita 800. Rekodi hiyo ilidumu miaka 13, mpaka ilipovunjwa mwaka 2010 na David Rudisha, kijana wa Kimaasai aliyekuja Iten kufundishwa na mwalimu yule yule. Shuleni hapo imepandwa miti kwa heshima ya mabingwa. Huko Iten ushindi unahesabiwa kwa miti.

Wala hakuishia kwa wavulana. Kuanzia mwaka 1989 alikusanya vijana katika kambi za mazoezi wakati wa likizo, na wasichana nao wakapata nafasi. Mmoja wao, Lydia Cheromei, mwaka 1991 alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika kwa vijana akiwa na umri wa miaka 13. Wazazi wa kwetu tunajua maana ya kumruhusu binti wa umri huo aende kambini. Wazazi hawatoi ruhusa hiyo kwa kusoma tangazo. Wanaitoa kwa mtu waliyemwona miaka mingi.

Rono alipokuwa bingwa alikuwa mwanafunzi wa Mount St. Mary's, chuo cha Kikatoliki katika jimbo la Maryland, Marekani. Katika chuo hicho kulikuwa na mwalimu mwingine wa aina hiyo, wa mpira wa kikapu. Jim Phelan alianza kufundisha timu ya chuo mwaka 1954 na hakuondoka mpaka alipostaafu mwaka 2003, misimu 49 mahali pamoja. Alishinda mechi 830 na kufungwa 524. Ubingwa wa taifa wa vyuo vya daraja lake aliupata mara moja, mwaka 1962, kisha akaendelea miaka 41 bila kuupata tena. Tunazitaja mechi zile 524 kwa makusudi. Anayedumu mahali anadumu pia na hasara zake. Anayehamahama huziacha nyuma, wenzake wakazihesabu.

Tarehe 9 Agosti 2012 Rudisha alikimbia fainali ya mita 800 katika Olimpiki ya London. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, akashinda kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi mpya ya dunia. Mwalimu wake hakuwapo uwanjani. Alikuwa Iten, akiangalia kwenye televisheni. Kesho yake kulikuwa na vijana wengine wa kufundishwa.

Lakini tusiandike kana kwamba Iten ni paradiso. Mafanikio yalileta fedha, na fedha zilileta majaribu. Wanariadha wengi wa Kenya wamefungiwa kwa kutumia dawa zilizokatazwa. Oktoba 2021 Agnes Tirop, mwenye umri wa miaka 25, aliuawa nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Nchi nzima ililia. Mwalimu mwema hawezi kuzuia magugu yasiote. Bwana wetu mwenyewe alitufundisha kwa mfano kwamba ngano na magugu vitakua pamoja mpaka mavuno. Ndiyo sababu medali peke yake haitoshi. Kijana mwenye kipaji anahitaji mtu mzima asiyetaka kitu kutoka kwake, na hapo nadhiri ya ufukara inaonyesha kazi yake. Mtawa aliyeahidi kutojitajirisha anaweza kumwambia kijana ukweli kuhusu fedha.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho waliokuwa wakigombania viongozi, aliwakumbusha kwamba yeye na Apolo walikuwa watumishi tu, mmoja wa kupanda na mwingine wa kumwagilia, na kwamba kukua ni kwa Mungu. Wazee wetu wa Ufipa walilijua neno hili kwa jembe. Katika kilimo cha ntumba majani hayachomwi. Yanafukiwa ndani ya tuta, yanaoza gizani, na faida yake inaonekana baadaye. Anayefukua tuta kila wiki ili aone kama limeanza kuzaa, huyo hatavuna kitu.

Hapa kwetu wako makatekista waliofundisha Komunyo ya kwanza tangu wazazi wetu walipokuwa watoto. Wako walimu waliokataa uhamisho wa kwenda mjini, na akina mama wanaofundisha kwaya ya watoto bila posho. Mara nyingi tunawaona kama watu waliokosa pa kwenda. Habari ya Iten inatusahihisha. Kwa hiyo, waamini wenzetu, tusisubiri mtaalamu atoke mbali ndipo vijana wetu wapate kufundishwa mpira, kuimba au kusoma. Tuwaulize waliopo. Akikubali mmoja, basi parokia imtunze: tumnunulie mpira, tumpe zamu ya uwanja, tumpelekee watoto wetu kwa wakati. Na asipoleta kombe mwaka wa kwanza, wala wa tano, wala wa kumi na mmoja, tumwache aendelee.