Maji, Malisho na Ngano: Uhaba wa Maji katika Nyanda za Hanang

Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, iko chini ya Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Mlima huo hupata mvua kuliko nyanda zinazouzunguka, ambazo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni kavu. Ziwa Balangida lililo karibu lina chumvi. Maji baridi yanapatikana mbali kidogo, katika Ziwa Basotu.

Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, walikabili uhaba huo kwa kuhama kwa mpangilio. Wakati wa masika, maji yalipotuama nyandani, mifugo ilipelekwa kwenye muhajega, malisho yenye rutuba kuliko yote. Mvua ilipokatika, mifugo iliondolewa ili majani yapumzike, ikarudishwa karibu na vyanzo vya kudumu. Maji ya juu ya ardhi yalikuwa ya wote. Kisima, kwa upande mwingine, kilikuwa mali ya ukoo wa aliyekichimba, na ukoo huo ndio uliosimamia matumizi yake. Kwa hiyo, ardhi iliyoonekana tupu wakati wa kiangazi haikuwa imeachwa, ilikuwa imepumzishwa.

Tofauti hiyo haikuzingatiwa. Kuanzia miaka ya 1970, Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa (NAFCO), kwa msaada wa Kanada, lilianzisha mashamba ya ngano, yakiwemo Basotu, Setchet na Mulbadaw, katika eneo lililofikia takriban ekari 100,000. Ngano hiyo ilitegemea mvua, hivyo ilihitaji udongo uleule uliotunza unyevu, yaani muhajega. Ekari hizo zilikuwa sehemu ndogo ya ardhi ya Wabarabaig, na watetezi wa mradi walilikariri jambo hilo. Hoja hiyo ni dhaifu. Malisho ya masika yalipochukuliwa, mifugo ilibaki mwaka mzima kwenye maeneo ya kiangazi, na majani ya kando ya visima yakakosa muda wa kuota upya.

Kijiji cha Mulbadaw kilifungua kesi mwaka 1981, kikashinda katika Mahakama Kuu mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo, kwa kuwa kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi hiyo. Mzunguko wa malisho, uliokuwa ndio ushahidi wa matumizi ya ardhi hiyo, haukuwa na hati yoyote.