Mdokezo, neno linaloacha nusu

Jumamosi moja niliwapa vijana tisa wa kundi letu la uandishi karatasi yenye sentensi moja: "Andika kuhusu Zanzibar ya miaka ya 1950." Tulikuwa tumetoka kutazama *Vuta N'kuvute*, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, na nilijua vichwa vyao vimejaa picha. Nikadhani kalamu zitakimbia. Baada ya nusu saa nikakusanya karatasi tisa zinazofanana kama mapacha: ukoloni, dhuluma, vyama, uhuru. Hakukuwa na mtu mwenye jina. Hakuna aliyekula, aliyelia, wala aliyepoteza kiatu gizani.

Nilikuwa nimewapa mada huku nikiamini nimewapa kile ambacho Waingereza hukiita *prompt*. Ni vitu viwili tofauti, na tangu siku ile nimekuwa nikitafuta jina la Kiswahili litakalonizuia kuvichanganya tena.

Neno hilo la Kiingereza lina historia jukwaani. Mwigizaji akisahau maneno yake, mtu aliyejificha pembeni humnong'oneza ili aendelee. Lakini mwigizaji yule anakumbushwa kitu kilichokwisha kuandikwa. Anayefungua daftari tupu hana maandishi ya kukumbushwa, kwa hiyo tukitafsiri picha hiyo tutapata "kikumbusho", neno linalofaa kwenye simu ya mtu mwenye miadi kwa daktari.

Wengi hutumia "kichocheo". Ni neno zuri, lina moto ndani yake, maana kuchochea ni kusogeza kuni ili jiko liwake. Ila wanasayansi wamekwisha kulichukua kwa mambo ya kemia na ya mwili, na tena linataja kinachotokea kwa mwandishi bila kusema kitu chenyewe kikoje. Kahawa ni kichocheo. Hasira ni kichocheo. "Kidokezo" limekaribia zaidi, lakini kidokezo humpeleka mtu kwenye jibu lililopo tayari mahali fulani, kama anayejaza chemshabongo. Hata kitendawili, ambacho ndicho chokochoko yetu ya zamani kuliko zote, kina jibu lake, na asiyelijua hudaiwa mji.

Neno ninalolishikilia ni mdokezo. Walimu wa Kenya wanalo siku nyingi: insha ya mdokezo ni ile ambayo mwanafunzi hupewa sentensi ya kuanzia au ya kumalizia, kisha kisa chote kikawa juu yake. Inaniuma kwamba kwa wengi neno hili linanuka chumba cha mtihani. Nami nilipita shule ambayo mwalimu alitukaririsha aya nzima ya jogoo na mapambazuko, tuipachike mbele ya mdokezo wowote utakaokuja. Tulipata alama. Hatukuandika kitu. Hata hivyo kosa la mwalimu halilifanyi neno kuwa baya.

Tazama lilivyoundwa. Kudokeza ni kusema kidogo kwa makusudi, ukamwachia msikilizaji sehemu iliyobaki. Shangazi anayedokeza habari ya posa hatoi habari yote. Anatupa neno moja, anaendelea kuchambua mchicha, na nyumba nzima hailali. Ndiyo maana nimefurahi sana kwamba zile nukta tatu tunazoziandika pale maneno yanapokatika, nukta za dukuduku, huitwa pia alama ya mdokezo. Jina ni moja kwa sababu kazi ni moja: kuonyesha kwamba kuna kitu hapa hakijasemwa.

Kwa kipimo hicho, sentensi yangu ya Jumamosi haikuwa mdokezo. Haikuficha lolote. Filamu yenyewe ilidokeza vizuri kuliko mimi, tangu jina lake. Vuta, nami nikuvute: wavutaji ni wawili, kamba ni moja, na jina halisemi nani ni nani. Ni Yasmin, binti wa Kihindi anayekimbia ndoa, na jamaa zake? Ni Denge mpigania uhuru na serikali ya Mwingereza? Ni hao wawili wenyewe kwa wenyewe? Mtazamaji anatoka na kamba mkononi.

Wiki iliyofuata niliandika upya. Sikuitaja Zanzibar, wala ukoloni, wala mwaka. "Usiku huu anaondoka nyumbani na hatarudi. Amebeba kitu kimoja ambacho si nguo wala pesa." Kwa wale wanaoandika shajara, ambao hawatungi bali wanajichungua, niligeuza nafsi tu: "Taja mlango ulioufunga bila kuaga. Anza na mkono wako ulivyoshika komeo." Hiyo sentensi ya komeo niliiongeza kwa makusudi. Shajara ikianza na hisia huzunguka palepale. Ikianza na mkono, hisia huja zenyewe.

Safari hii hawakuishia nusu saa. Walikataa kunirudishia kalamu. Msichana mmoja, ambaye wiki iliyotangulia alikuwa amejaza ukurasa kwa neno "wananchi", aliandika kuhusu mwanamke aliyetoka na ufunguo wa kabati la mama mkwe wake. Hakuwa mwizi. Alikuwa ndiye anayelifungua kila asubuhi kumtolea mzee dawa, na ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake kama siku zote. Aligundua akiwa tayari ndani ya jahazi, pwani ikipungua. Kisa kinaishia hapo, kafungua fundo la kanga, ufunguo uko kiganjani, na mwandishi wake ameweka nukta tatu.