Kitufe cha "Nakubali": Historia Fupi ya Ridhaa katika Michezo ya Simu

Neno ridhaa tumelizoea katika ndoa na mahakamani. Siku hizi linatukabili pia katika michezo ya simu. Mtu anapakua toleo jipya la mchezo wake, anaufungua, na kabla hajacheza anaulizwa: je, unakubali taarifa zako zitumiwe kukuletea matangazo yanayokulenga wewe? Makala haya yanaangalia swali hilo lilikotoka.

Mwaka 1997 simu ya Nokia 6110 ilikuja na mchezo wa nyoka ndani yake. Nyoka yule hakuwa na tangazo wala hakumjua mchezaji. Simu ikishauzwa, mtengenezaji hakuwa na njia ya kuurekebisha mchezo ule.

Mambo yaligeuka mwaka 2008 Apple ilipofungua duka lake la programu. Sasa mchezo uliokwisha kununuliwa uliweza kubadilishwa ukiwa mkononi mwa mteja. Angry Birds ya kampuni ya Rovio ya Finland ilitoka mwaka 2009 kwa kuuzwa. Ilipofika kwenye simu za Android mwaka 2010 ikatolewa bure, mwenye tangazo akawa ndiye mlipaji. Mwaka 2012 Apple ikaipa kila simu namba maalumu ya matangazo. Namba hiyo haitaji jina lako, lakini programu kumi zikiiona namba ileile, mtangazaji anaweza kuunganisha unachocheza, unachosoma na unachonunua. Hakuna aliyekuuliza. Januari 2014 magazeti yalieleza, kwa nyaraka za Edward Snowden, kwamba majasusi wa Marekani na Uingereza walitafuta taarifa zinazovuja kutoka programu kama Angry Birds. Rovio ilikana kushirikiana nao.

Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 ilitaka ridhaa iwe ya hiari, ya jambo mahususi, na ya mtu aliyeelezwa. Mwaka 2019 mahakama ya umoja huo ikaamua kwamba kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama ya vema si ridhaa. Aprili 2021 Apple nayo ikazilazimisha programu kuomba ruhusa kabla ya kumfuatilia mtumiaji katika programu za wengine. Hata hivyo, Desemba 2022 mamlaka ya Ufaransa iliitoza Voodoo, kampuni ya michezo ya simu, faini ya euro milioni 3: wachezaji walikataa kufuatiliwa, nayo ikatumia namba nyingine ya simu kwa matangazo.

Hapa ndipo lugha yetu ina la kusema. Idhini ni ruhusa inayotolewa. Ridhaa ni moyo ulioridhika. Mtu aweza kutoa idhini bila ridhaa, na kwa maoni yangu hicho ndicho kitufe hupokea mara nyingi, hasa "Nakubali" ikiwa kubwa yenye rangi na "Sikubali" imefichwa ukurasa wa pili. Mwanafunzi wa tafsiri asiyachanganye maneno haya.

Hapa Uganda, sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inadai ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto. Lakini mara nyingi anayebonyeza ni mtoto wa miaka saba aliyeazimwa simu ya mama yake, na maelezo yote yako kwa Kiingereza.