Mbuni, Barafu na Seli: Mipaka ya Nadharia ya Ishara

Suala la iwapo nadharia ya ishara inaweza kufafanua sayansi asilia aghalabu hujadiliwa kwa mifano ya Ulaya pekee. Historia ya Ukambani, hata hivyo, inatoa mfano unaostahili kuchunguzwa kabla ya hukumu kutolewa.

Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Johann Ludwig Krapf, akiwa Kitui kama mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, aliuona Mlima Kenya. Jina lake la Kikamba, Kiinyaa, mara nyingi huhusishwa na mbuni dume, ambaye manyoya yake ni meusi na meupe. Kwa mujibu wa uainishaji wa Charles Sanders Peirce, ishara za aina tatu zinakutana hapa: mfanano wa mlima na ndege, weupe, ambao ni dalili ya barafu inayousababisha, na jina lenyewe, linaloeleweka kwa kaida ya wasemaji.

Mwanajiografia William Desborough Cooley, katika kitabu alichokichapisha London mwaka 1852, alizikana habari za theluji zilizoletwa na Krapf na mwenzake Johannes Rebmann, aliyeuona Kilimanjaro mwaka 1848. Kosa lake lilikuwa la usomaji: aliichukua dalili kuwa maneno matupu ya mashahidi. Nadharia ya ishara inalieleza kosa hilo barabara. Haielezi, lakini, kwa nini maji huganda karibu na ikweta katika mwinuko unaokaribia mita 5,200. Hilo linatokana na shinikizo la hewa na halijoto, wala halihitaji msomaji. Katika fizikia, basi, semiotiki inamhusu mchunguzi, si maada anayoichunguza.

Seli inaleta hali tofauti. Mwaka 1961 Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walionyesha kwamba RNA yenye yurasili tupu huzalisha mnyororo wa fenilalanini tupu. Uhusiano huo hupitia molekuli za RNA zinazobeba asidi amino, na unaweza kubadilika. Mwaka 1979 ilibainika kwamba UGA, ambayo kwa kawaida ni alama ya kikomo, katika mitokondria ya binadamu husomwa kuwa triptofani. Hali hii inakaribiana na unasibu wa ishara aliouzungumzia Ferdinand de Saussure, mithili ya neno moja kuwa na maana mbili katika lahaja mbili.

Hata hivyo, kukaribiana si kulingana. Kaida ya Kiinyaa ilikuwa na jumuiya ya wasemaji, na Krapf aliweza kumwuliza Kivoi. Seli haina wa kuulizwa. Kwa hiyo mhakiki anaweza kuchangia katika biolojia dhana ya msimbo, bila kudai kwamba seli inafasiri.

Leo barafu ya Mlima Kenya imepungua sana. Fizikia inaeleza kuyeyuka kwake. Semiotiki inaeleza jinsi jina linavyoweza kudumu weupe ukishatoweka.